Shajara ya MR-S: oili, masega na chumvi ya bahari

Kaskazi inaishia

Gari ishaingia uani jamani, alhamdulillah. Toyota MR-S ya 2001, rangi ya fedha, gia 5 za mkono, hudi ya turubai. Ilikuwa imelazwa chini ya banda la makuti kule Chukwani, Unguja, karibu kabisa na pwani, na mwenyewe alikuwa kashachoka nayo kwa sababu kila fundi alompelekea alimuandikia spea tofauti, akanunua, na tatizo likabaki pale pale. Mie gari hii naipenda tangu siku nilipoiona inapita Maisara, fupi, imelala chini, injini inalia nyuma ya kichwa cha dereva, na niliposikia inauzwa usingizi ulinipaa. Nitakuwa naandika hapa kila ninapoigusa, mana huku kwetu gari za namna hii zikiharibika mtu anaambiwa "hii ya spoti bwana, spea zake hamna", basi inaachwa inaoza, na hilo ndo linaloniuma mie kuliko kitu chengine chochote.

Kwa asieijua, Toyota waliitoa gari hii 1999 na wakasimamisha kuitengeneza 2007. Ulaya waliiita MR2 Roadster na Marekani MR2 Spyder, lakini ni gari moja. Injini iko kati, nyuma ya viti na mbele ya tairi za nyuma, na gari nzima haifiki hata tani moja ndo mana ikikata kona unahisi kama imefungwa kwenye lami. Sasa sikilizeni hii: injini yake ni 1ZZ-FE, cc 1794. Hiyo ni injini ya Wish ya 1.8! Ni ya Allion na Premio za zamani za 1.8, ni ya Opa. Simama kidogo tu njia ya Mwanakwerekwe utizame Wish ngapi zinapita, kila moja imebeba plagi, koili, wota pampu na thamostati zinazokubali kwenye gari hii. Kinachotofautiana ni mabomba ya maji, manifodi ya ekzosi na vitu vya bodi, lakini nyama ya injini ni ile ile.

Nilivokabidhiwa: taa ya injini inawaka, inakula oili, stata inazunguka kwa unyonge asubuhi, joto linapanda ukikaa foleni ya Darajani, na mvua ikinyesha zulia la nyuma ya kiti linalowa chepechepe. Nimejiwekea sharti moja, hakinunuliwi kitu mpaka kipimo kiseme. Alienitangulia kashabadilisha betri, stata na sensa mbili, pesa zote zimekwenda na gari bado mgonjwa.

Stata

Hii ndo nimeanza nayo kwa sababu gari isipowaka vizuri huwezi kupima chochote chengine. Betri ya MR-S iko mbele, chini ya boneti pamoja na tairi ya spea, na injini iko nyuma, kwa hiyo umeme wa stata unasafiri gari nzima kwenda na kurudi. Betri nimeipima imetulia ikasoma volti 12.6, nzima hiyo. Nikaekea mita, waya mmoja kwenye bloku ya injini na mwengine kwenye ncha hasi ya betri (nimeunga waya mrefu ufike), mtoto wa dada yangu akapiga ufunguo. Volti 1.4. Hapo panatakiwa pasome karibu na sifuri, ikipita nusu volti jua ethi (njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi) ina maradhi, mana umeme unaotakiwa kuzungusha stata unapotea njiani.

Nikaingia chini na tochi kufata ule mkanda wa ethi unaotoka gia boksi kuja kwenye bodi. Bolti lake kwa juu linaonekana zima kabisa, nimelifungua, chini ya washa umejaa unga wa kijani na mweupe, ukiugusa unamomonyoka. Chumvi. Gari imekaa pwani, upepo wa kaskazi unapuliza usiku kucha, chumvi inaingia kwenye kila maungio ya shaba inakula polepole na huioni mpaka ufungue. Nimepiga msasa mkanda, washa na pale kwenye bodi mpaka vikang'ara, nikafunga, nikapaka grisi juu. Kupima tena 0.2. Stata inapiga kama mpya, na msasa na grisi vyote vilikuwemo ndani ya kasha langu la vifaa.

Ukiwa na gari yoyote inayolala karibu na bahari, Nungwi, Paje, Mazizini, popote, fungua ethi zako zote uzitizame hata kama gari haina tatizo.

Taa ya injini

Skana ndogo ya bluetooth ninayo, imegoma kuunganika. Hili linawababaisha watu wengi. Toyota nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani miaka ile zina soketi ile ile ya pini 16 kama OBD2 (mfumo wa kawaida wa kusomea makosa ya gari) lakini mazungumzo ya ndani si yale, kwa hiyo skana ya bei rahisi inakaa kimya na fundi anakwambia kontroli boksi imekufa. Haijafa. Chukua kipande kifupi cha waya, unganisha pini ya 4 na ya 13 kwenye ile soketi, swichi on bila kuwasha injini, na taa ya injini yenyewe itaanza kupepesa. Kama hakuna kosa inapepesa mfululizo sawasawa, kama kuna kosa inapepesa kwa hesabu. Hesabuni pini vizuri lakini, mara mbili mara tatu, mana ya 16 ina moto wa betri moja kwa moja, ukigusa hapo umeunguza kitu.

Yangu ikapepesa mbili, ikapumzika, ikapepesa moja. 21. Kwa Toyota hiyo ni sensa ya oksijeni, ya kwenye manifodi.

Nimekwenda kwa fundi mmoja mtu mzima hapa Jang'ombe, mzee anaejua injini hizi tangu zinaanza kuingia Unguja, na namheshimu sana.

"Mwanangu, 21 sensa hiyo. Nenda kanunue."

"Sawa ami, lakini tupime kwanza, mwenye gari wa mwanzo alishanunua."

Akanitizama, akainuka akaenda kuleta mita yake mwenyewe. Ndani ya sensa ile mna hita ndogo inayoipasha moto mapema, na hita hiyo ikiwa nzima na baridi inasoma baina ya om 11 na 16. Tukapima, 13. Sensa haina kosa. Tukavuta plagi ya waya upande wa gari, pini mbili za kijani, moja imekonda kama uzi. Ami akatikisa kichwa akasema "basi hii ndo ilokula pesa za yule bwana." Tukasafisha, ile pini mbovu tukaikata tukaweka nyengine kutoka kwenye waya wa gari chakavu, tukatoa fyuzi ya EFI kufuta kosa, taa ikazimika na mpaka leo haijarudi.

Lakini hapa ndo mambo yakaanza hasa. Tulipoichomoa sensa kuitizama ncha yake ilikuwa nyeusi ya kuteleza, si masizi makavu. Ami akaipitisha kidole gumba, akanusa. "Hii inaunguza oili, tena nyingi. Hujatizama masega?"

Masega

Hili ndo tatizo kubwa la MR-S, na kila anaetaka kununua alielewe kabla hajatoa pesa.

Kwenye gari hii, mbali na kata kubwa ya chini (kile kisafisha moshi cha ekzosi), kuna masega mawili madogo ya udongo wa kaure ndani ya manifodi yenyewe, sentimita chache kutoka kwenye kichwa cha injini. Wameyaweka karibu hivo ili yapate moto haraka na kusafisha moshi mapema. Yakizeeka yanamomonyoka. Ingekuwa unga unatoka nje tu isingekuwa taabu, lakini valvu za kutolea moshi na za kuingizia hewa kuna wakati mfupi zinakuwa wazi pamoja, na VVT-i (mtambo wa Toyota wa kubadilisha wakati wa valvu) inaurefusha wakati huo, pistoni ikivuta inaweza kurudisha moshi kidogo ndani na unga wa kaure unaingia nao. Kaure ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Unakwaruza, ringi za pistoni zinapoteza mshiko, oili inapanda, oili ikiungua inayachafua masega yale yale na kuyavunja zaidi, na hapo tena ni mzunguko mpaka injini ife.

Kuna wanaosema kinachoanza ni oili, mana pistoni za 1ZZ za miaka ya mwanzo zina vitundu vichache na vidogo vya kurudishia oili nyuma ya ringi ya chini, vikiziba kwa kaboni ringi inaganda. Baadae Toyota walibadilisha pistoni wakaongeza vitundu. Mie kwa nilivoiona hii yangu naamini oili ndo ilotangulia, kwa sababu masega yalikuwa meusi kwa mafuta zaidi kuliko yalivovunjika. Lakini vyovyote iwavyo, dawa inabidi iguse pande zote mbili, ukitoa masega ukaacha oili umefanya nusu ya kazi.

Kuyatizama ni rahisi na kila mtu anaweza. Toa sensa za oksijeni za manifodi, ingiza ile kamera ndogo ya waya inayochomekwa kwenye simu, au hata tochi nyembamba. Sega la kwanza zima, limeziba kidogo. La pili pembeni pana pengo la ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, vijishimo vyake vimeporomoka, na nilipogonga manifodi kwa mpini wa bisibisi zikadondoka chembe. Wallahi moyo uliniruka.

Gari nimeizima hapo hapo, haiwashwi tena mpaka litoke.

Ramadhani, baada ya tarawehe

Kabla ya kufungua manifodi nimetaka kujua unga umeshafanya nini ndani. Kama silinda zimekwisha basi bora kutafuta injini ya Wish nzima kuliko kuhangaika na hii.

Kupima kompresheni, yaani nguvu ya hewa inayobanwa na pistoni ndani ya silinda, kuna adabu zake na naona wengi wanaziruka. Injini inatakiwa iwe ya moto, plagi zote nne zitoke na si moja moja, sindano za mafuta zikatwe umeme, na mtu akanyage mafuta mpaka chini wakati stata inazunguka ili hewa iingie kwa ukamilifu. Ukipima injini baridi pedali imeachwa unapata namba ndogo na unavunja injini nzima kwa uongo. Mie kwa kuwa sikutaka kuiwasha nimepima baridi, najua namba zitakuwa chini kidogo, ninachokitizama ni tofauti baina ya silinda.

Ya kwanza psi 176 (psi ni kipimo cha shinikizo), ya pili 172, ya tatu 175. Ya nne, upande wa gia boksi, 150.

Toyota wanataka isishuke psi 145 na tofauti ya silinda na silinda isizidi kama 15. Kwa hiyo ya nne kwa kiwango cha chini imepita, kwa tofauti imeanguka. Nikatia kijiko kidogo cha oili kwenye tundu la plagi ya nne nikapima tena: 181. Hapo ndo jibu limetoka. Oili ikipandisha namba maana yake pengo liko kwenye ringi, oili imeliziba kwa muda. Ingebaki 150 ningeanza kushuku valvu au gasketi ya silinda hedi. Kamera nikaiingiza pia, kuta za silinda zote zina ile michoro ya kiwandani ya kukatiana, kwenye ya nne kuna mikwaruzo miwili myembamba ya wima ambayo ukucha ungepita bila kukwama. Unga umeonja, haujala.

Basi nikaamua kuziloweka ringi ziachie. Pistoni zote nimezileta katikati, si juu wala chini, nikamimina dawa ya kuyeyushia kaboni kwenye kila tundu, nikaziba kwa kitambaa, nikaiacha usiku mzima. Asubuhi silinda ya kwanza imeshakunywa yote na ya nne bado imejaa, yaani ringi zake zimeganda hata dawa haipiti. Nimerudia mpaka nayo ikaanza kunywa. Sasa nisikilizeni kwa makini hapa: kabla ya kurudisha plagi lazima upige stata plagi zikiwa nje, funika kwa tambara na usiweke uso karibu, itamwaga. Ukifunga plagi na maji yamo ndani, pistoni itagonga maji na maji hayabonyei, kinachopinda ni koneksheni rodi. Na oili ya chini yote imwage kwa sababu dawa imeshukia humo imeifanya nyepesi. Lita 3.7 pamoja na filta, 5W-30, wala usipitishe alama ya juu ya kijiti.

Vali ndogo ya PCV iliyo juu ya injini nayo nimeitoa, ukiitikisa inatakiwa ilie kache kache, yangu ilikuwa kimya imeganda. Ikiganda hivo mvuke wa oili haupumui vizuri. Nimeweka ya Wish, bei ya sahani ya biriani.

Kutoa manifodi

Nati za manifodi zilizooka na chumvi zina roho yao. Ami kanifundisha: usizilazimishe. Pulizia dawa ya kutu jioni, rudia asubuhi, rudia jioni, halafu zijaribu kwanza kwa kukaza kidogo kabla ya kufungua, ukisikia mlio mdogo wa "tik" imekubali. Zikakubali zote isipokuwa moja ya pembeni kabisa, hiyo tumeipasha moto wa gesi mpaka ikawa nyekundu iliyofifia, ikatoka na stadi yake nzima. Uzuri wa MR-S manifodi inatizama nyuma ya gari, toa ngao ya joto na baadhi ya vitu vya ekzosi unafika, si kama gari nyengine unajikunja mpaka mgongo unalia.

Sega lililovunjika limetoka vipande vipande kwa patasi, lile zima lilikuwa gumu zaidi. Vaeni barakoa, tena nzuri, mana vumbi la kaure si la kuvuta. Manifodi ikitoka tupu ioshe, igonge, ipulize kwa upepo wa kompresa kila mdomo, uioshe tena, mana chembe moja ikibaki umefanya kazi bure. Kata kubwa ya chini nimeikagua, nzima, nimeiacha mahala pake kwa sababu sitaki gari inayonukisha mtaa. Kuna wanaofunga manifodi nyengine isiyo na masega kabisa, ni sawa pia, nilichoangalia mie ni kwamba hii ya asili chuma chake ni kizuri na kinakubali ngao zake zote za joto, na kwenye gari ilobeba injini nyuma ya mgongo wa mtu ngao za joto si kitu cha kutupa.

Gasketi mpya, stadi mpya, toki renchi, kukaza kuanzia kati kwenda pembeni. Ikawaka. Dakika za mwanzo moshi mweupe mzito wa ile dawa mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna moto, halafu ukakata, sailensa ikatulia. Nimekaa pembeni ya gari nasikiliza tu.

Joto

Hili ndo lile ambalo kila mtu alisema "silinda hedi gasketi". Kipimo cha kompresheni kilishanipa moyo kwamba sio, hakuna silinda mbili za jirani zilizoanguka pamoja, oili haikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na nikifungua kifuniko cha maji injini ikiwa baridi kisha nikaiwasha sioni mapovu yanayoendelea kutoka.

Nimepata dalili mbili. Ya kwanza, nikiwasha hita ya ndani gari ikiwa ya moto inapuliza baridi. Ya pili, maji yalomo ni maji matupu ya bomba, hamna kulanti (dawa ya kupozea injini na kuzuia kutu), na yamegeuka kahawia. Injini nyuma, rejeta mbele, mabomba marefu yanapita chini ya sakafu kuyaunganisha. Ukimwaga maji ukajaza kama unavojaza Wish, hewa inabaki mbele, haina pa kutokea, maji hayazunguki vizuri na joto linapanda wakati rejeta yenyewe imepoa. Hita kupuliza baridi ndo hewa inajitangaza.

Maji ya visima vyetu Unguja yanapita kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa nyingi, kila mtu anaujua ule ukoko ndani ya birika. Ukoko huo huo ndo unaojijenga ndani ya rejeta, na juu ya hapo aluminiamu ya injini hii haina kinga bila kulanti. Nimemwaga yote, nimesukuma maji safi mpaka yakatoka meupe, thamostati nimeichemsha kwenye sufuria na kipimo cha joto ikafunguka karibu na digrii 82 kama inavotakiwa, kwa hiyo imerudi pale pale haikununuliwa mpya.

Kujaza: pua ya gari nimeinyanyua, vali ndogo za kutolea hewa kule mbele nimezivalisha mipira myembamba ya kuonekana ndani nikaining'iniza juu kwenye boneti, hita imefunguliwa mpaka mwisho, nikajaza polepole kutoka nyuma, kulanti nyekundu na maji yaliyochujwa nusu kwa nusu. Mapovu yalitoka kwenye mipira ile muda mrefu kuliko nilivotegemea. Yalipokwisha nikafunga, nikaiwasha, nikarudia. Feni ya mbele ilikuwa na plagi ya kijani kama ndugu zake, imesafishwa, sasa inaingia na kutoka kwa wakati.

Angalizo kwa wenye gari hizi, mabomba ya maji yako chini ya tumbo la gari na matuta yetu mnayajua. Yale ya Jozani ya kuwalinda kima punju yapitieni kwa mshazari na taratibu. Mie nimekagua, nimekuta bomba moja lina alama ya kubonyea, halijavuja, lakini nalifatilia.

Masika

Mvua imeshuka na hudi imejitangaza. Turubai lenyewe halijapasuka, kwa hiyo maji yanaingia wapi? Nimekaa ndani, mtoto wa dada anamwagia maji kwa kopo sehemu moja moja, kuanzia chini kupanda juu, mana ukianzia juu maji yanashuka kila mahali na hujui lilipo tundu. Ikaonekana si turubai, ni vile vitundu vya kutolea maji pembeni nyuma ya viti, vimeziba kwa majani ya muembe na mchanga, maji yanajaa yanafurika kuja ndani. Nimevizibua kwa uzi mnene wa plastiki wa mashine ya kukatia majani. Msitumie waya, unatoboa mpira wa ndani na hapo mtakuwa mmeongeza tatizo. Viti vimetoka, mazulia yameanikwa, sakafu chini yake ina kutu ya juu juu tu, imepigwa msasa na rangi.

Tairi, breki na vidogo vidogo

Kalipa za nyuma za breki zilikuwa zinashika, pini zimekauka, zimesafishwa na kutiwa grisi yake. Tairi za mbele ni 185/55 R15 na za nyuma 205/50 R15, kwa hiyo hazihamishwi mbele kwenda nyuma. Na upepo! Mafundi wa tairi wengi wanajaza 35 kote kote. Gari hii mbele ni nyepesi, inataka 26 mbele na 32 nyuma. Nilipoirekebisha tu steling imekuwa kitu chengine, ile hali ya kuelea ukiwa unashuka mwendo wa Tunguu imeondoka kabisa.

Kusi imeingia

Nimeiendesha kilomita 1,000 tangu kuloweka pistoni, njia zote, mjini na mashamba. Zamani kwa masafa hayo ilikula lita nzima ya oili. Safari hii nimeongeza kidogo chini ya nusu lita. Silinda ya nne nimeipima tena, mara hii injini ikiwa ya moto kama inavotakiwa, imesoma 171 na wenzake wako baina ya 180 na 184. Moshi wa bluu asubuhi haupo. Nimefurahi mpaka nimempelekea ami kilo ya kahawa.

Hata hivo nusu lita bado ni nyingi, na ile mikwaruzo ya silinda ya nne haiondoki kwa dawa. Kwa hiyo uamuzi nshaufanya, pistoni za toleo la baadae zenye vitundu vingi pamoja na ringi zake nimeziagiza Kariakoo Dar, na kuna jamaa ataziweka kwenye boti. Bloku ya 1ZZ ni ya aluminiamu na chuma cha silinda ni chembamba, sitaki kuichonga, kuta za silinda zitasuguliwa kidogo tu (honi) na kupimwa, ikiwa imetanuka kuliko inavokubalika ndo nitatafuta bloku ya Wish.

Wakati nasubiri nimeingia chini kutizama ule mhimili wa nyuma unaoshika saspensheni, mana gari hizi zinajulikana kuoza hapo. Nimegonga kwa nyundo ndogo kutoka upande hadi upande: kushoto na kati panalia chuma kizito, kulia karibu na tundu la kutolea maji panatoa sauti ya debe na ncha ya bisibisi imezama. Huo utatoka wote kabla injini haijafunguliwa. Alienao mzima kutoka gari ilokatwa, awe Unguja, Pemba au Dar, aniandikie, hata kama hauna bolti zake.